Pasipoti ya Kenya: Nani Anastahili Kuiomba, na Ajiandae Vipi

Watu wengi wa Nyeri huanza kutafuta pasipoti kwa swali la bei. Wanauliza ni shilingi ngapi, huchukua muda gani, na kama kuna mtu anayefahamiana na mtu pale kwenye ofisi za uhamiaji za Nyayo House. Maswali hayo yana wakati wake. La kwanza ni jingine: mimi ni raia wa Kenya kwa njia ipi, na karatasi gani niliyo nayo inathibitisha hivyo? Mwenye jibu hukaa mbele ya afisa wa uhamiaji bila wasiwasi. Asiye nalo hulipa ada, hupanda matatu alfajiri, hufika dirishani, kisha hurudishwa nyumbani kwa sababu ya herufi moja katika jina la baba yake.

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Nyeri, Karatina, Othaya, Nanyuki, Kerugoya, Embu au Meru anayetaka kujua mahali aliposimama kabla hajatoa hata shilingi moja. Kwanza tutaona nani anastahili, halafu namna ya kuzitayarisha karatasi, na mwisho hatua za kuomba.

Ni haki, si fadhila

Kifungu cha 12 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba kila raia ana haki ya kupewa pasipoti ya Kenya pamoja na hati nyingine za utambulisho ambazo serikali huwapa raia wake. Kinaongeza kwamba pasipoti inaweza kunyimwa, kusimamishwa au kutwaliwa kwa mujibu wa sheria ya Bunge tu. Kifungu cha 39 nacho kinampa kila mtu haki ya kutoka nchini, na kumpa raia haki ya kuingia na kuishi popote Kenya.

Familia za eneo hili zinaujua uzito wa maneno hayo. Wanaume wa kizazi cha babu zetu walivaa kipande, yaani hati ya utambulisho, shingoni, ndani ya kikopo cha chuma, kwa amri ya serikali ya kikoloni. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa Oktoba 1952, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru alihitaji kijitabu cha ruhusa ili kusafiri nje ya eneo lake. Hata baada ya Uhuru, pasipoti iliendelea kuhesabiwa kuwa hisani ya wakubwa. Katika miaka ya 1980 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuitoa na kuitwaa ni mamlaka ya Rais. Katiba ya 2010 ilikomesha hayo. Kwa hiyo usiende kituoni kama mtu anayebembeleza. Unaenda kuchukua kilicho chako, na kazi ya afisa ni kuhakikisha kwamba kweli ni chako.

Raia wa kuzaliwa

Wewe ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku uliyozaliwa mama yako au baba yako alikuwa raia wa Kenya. Mzazi mmoja anatosha. Ndivyo kinavyosema Kifungu cha 14.

Hapa watu hukosea kwa namna mbili. Wengine hudhani kwamba kuzaliwa katika ardhi ya Kenya kunatosha. Hakutoshi. Mtoto wa wageni wawili aliyezaliwa katika hospitali ya Nanyuki hupewa cheti cha kuzaliwa cha Kenya, lakini cheti hicho kinashuhudia mahali na siku aliyozaliwa. Uraia wake hufuata wazazi.

Wengine hudhani kwamba uraia hupitia kwa baba peke yake. Katiba ya zamani iliwabagua akina mama katika hili: mwanamke Mkenya aliyejifungua ng'ambo kwa mume wa kigeni hakuweza kumrithisha mtoto wake uraia. Katiba ya sasa imempa mama uwezo uleule wa baba, tena inawahusu hata waliozaliwa kabla haijaanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010.

Jambo hili lina uzito wa pekee Nanyuki na Laikipia, ambako wanajeshi wa Uingereza wamefanya mazoezi kwa miaka mingi, na ambako wapo watoto wa mama Mkenya na baba mwanajeshi aliyekwisha kurudi kwao. Mtoto huyo ni Mkenya kamili kupitia kwa mama yake. Hahitaji jina la baba wala ruhusa ya ubalozi wowote ili apate pasipoti ya Kenya. Ikiwa baadaye baba atajulikana, kwa mfano kwa vipimo vya DNA kama vile ambavyo vimetumika katika kesi za namna hii Uingereza, huenda mtoto akapata na uraia wa pili. Katiba yetu inamruhusu kuwa nao bila kuupoteza wa kwanza. Mama, usimfiche mtoto huyu nyumbani kwa kuona haya. Mwandikishe.

Mtoto aliyezaliwa Lowell kule Marekani, London au Doha kwa mzazi kutoka Tetu au Mukurwe-ini naye ni raia wa kuzaliwa. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inataka mzazi huyo wa Kenya awe yeye mwenyewe raia wa kuzaliwa. Mtoto huthibitisha uraia wake kwa cheti cha kuzaliwa cha nchi aliyozaliwa, pamoja na kitambulisho au pasipoti ya mzazi.

Naye mtoto aliyeokotwa nchini, anayeonekana kuwa na umri chini ya miaka 8, na ambaye wazazi wake na uraia wao havijulikani, huchukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Wanaolea watoto wa namna hii katika makao wasikubali kuambiwa kwamba mtoto hana kwao.

Waliochukua uraia wa nchi nyingine

Karibu kila kijiji cha mlimani kina mtu aliyekwenda Marekani au Uingereza, akaapa kuwa raia wa huko, na sasa anataka kurudi kujenga. Hali yake inategemea tarehe ya kiapo.

Aliyeapa kabla ya Agosti 2010 aliupoteza uraia wa Kenya, kwa sababu Katiba ya zamani haikuruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ikiwa alikuwa raia wa kuzaliwa, ana haki ya kurudishiwa akituma maombi. Aanze na maombi hayo ya kurejeshewa uraia, apewe cheti, ndipo aombe pasipoti. Akianza na pasipoti atapoteza muda na pesa.

Aliyeapa baada ya hapo hakuupoteza uraia wake. Lakini sheria inamtaka autangaze uraia wake wa pili kwa Idara ya Uhamiaji ndani ya miezi 3, na kukaa kimya ni kosa. Ndugu walioko nyumbani wawakumbushe jamaa zao, maana wengi hawajui.

Raia wa kuandikishwa

Njia hii ni ya mtu aliyezaliwa mgeni akaja kuwa Mkenya. Kifungu cha 15 kinataja makundi matatu.

La kwanza ni mume au mke wa raia, ndoa ikiwa imedumu angalau miaka 7. La pili ni mtu aliyeishi Kenya kihalali kwa angalau miaka 7 mfululizo. Huyu sheria inamtaka pia aweze kuelewa na kuzungumza Kiswahili au lugha ya hapa nchini, na asiwe amehukumiwa kwa kosa zito. La tatu ni mtoto asiye raia ambaye amelelewa kisheria na raia, yaani mahakama imetoa amri ya kuasili.

Wote hao wana haki ya kuomba kuandikishwa, lakini pasipoti huja baada ya cheti cha uraia kutolewa. Mganda aliyeolewa Karatina miaka 4 iliyopita bado ni raia wa Uganda, hata kama watoto wake ni Wakenya, hata kama anauza nguo sokoni kila Jumanne na anazungumza Gĩkũyũ vizuri kuliko jirani zake. Pasipoti yake kwa sasa ni ya kwao. Akitafutiwa kitambulisho cha Kenya kwa njia ya mkato, anaweza kushtakiwa na kuyaharibu maombi halali ambayo angeyatuma baada ya miaka 3.

Mwenye kibali cha kazi au cha ukaaji naye hastahili pasipoti ya Kenya. Mkimbizi pia hastahili, ingawa anaweza kuomba hati maalumu ya kusafiria ambayo hutolewa kwa wakimbizi chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951.

Zipo pia familia zilizoishi Kenya tangu kabla ya Uhuru bila kutambuliwa na nchi yoyote. Wamakonde wa Kwale walitembea hadi Nairobi mwaka 2016 kudai vitambulisho, na wakavipata. Mashona nao walitangazwa kutambuliwa Desemba 2020. Ikiwa ukoo wako uko katika hali kama hiyo, jambo lako linahitaji kuanzia kwenye uraia wenyewe, na msaada wa wakili wa haki za binadamu utakufaa kuliko fomu ya pasipoti.

Karatasi zinazosema wewe ni nani

Mtu mzima anayeomba kwa mara ya kwanza huulizwa mambo haya: kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi, picha za pasipoti zenye usuli mweupe, na mtu wa kumpendekeza pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Hati zako mwenyewe ziwe halisi, na ubebe nakala zake. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo ndicho huchukua nafasi ya kitambulisho chake. Kwa aliyeandikishwa, ongeza cheti cha uraia.

Kitambulisho hakichukui nafasi ya cheti cha kuzaliwa. Hapo ndipo watu wazima wengi wa vijijini hukwama, kwa sababu walipata kitambulisho zamani kwa barua ya chifu na hawakuwahi kuwa na cheti.

Kama ulizaliwa hospitalini, iwe ni hospitali ya kaunti ya Nyeri, Consolata Mathari, Tumutumu au Karatina, hospitali ilitoa notisi ya kuzaliwa. Ikiwa kuzaliwa kwako kulisajiliwa wakati ule, ofisi ya msajili wa vizazi na vifo inaweza kukupa cheti kwa kufuata rekodi hiyo. Kama ulizaliwa nyumbani, naibu wa chifu wa kata ndogo ndiye mwenye kazi ya kupokea taarifa. Ikiwa miezi 6 ilipita bila kusajiliwa, utafuata utaratibu wa usajili wa kuchelewa, unaodai ushahidi zaidi na subira zaidi.

Kwa wazee ushahidi huo unaweza kuwa umehifadhiwa mahali wasipopafikiria. Kadi ya ubatizo, rekodi ya shule ya msingi na barua ya chifu huweza kusaidia. Misheni za Kikatoliki na za Kipresbiteri za eneo hili zimekuwa zikiandika majina ya waliobatizwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kama cucu, yaani nyanya, anaalikwa Marekani kumwona mjukuu wake, mpeleke kwa karani wa parokia yake mapema, kabla hata hujafungua ukurasa wa maombi.

Jina moja, karatasi zote

Eneo letu lina tatizo lake la majina, na ni vyema tulitazame kwa makini. Gĩkũyũ kina irabu saba, ilhali mashine na makarani wengi huandika kwa tano. Karani mmoja anaposikia ĩ huandika i, mwingine e. Akisikia ũ huandika u au o. Ndiyo maana katika nyumba moja utakuta baba ni Mureithi, mtoto wa kwanza ni Muriithi, na wa tatu ni Murithi. Utakuta Nderitu na Ndiritu waliozaliwa na mama mmoja. Kwa jirani zao ni watu wa nyumba moja. Kwa afisa anayelinganisha cheti na kitambulisho, ni watu wawili.

Mengine hutokea bila kosa la karani. Mtoto aliandikwa jina la babu yake tu, akaongezewa jina la ubatizo alipofika shuleni. Mwingine ana neno "wa" kwenye cheti na hana kwenye kitambulisho. Mwingine ana majina yote matatu, ila mpangilio umebadilika.

Toa karatasi zako zote, uziweke mezani, na ulinganishe herufi kwa herufi: majina yako, majina ya wazazi, tarehe na mahali pa kuzaliwa. Ukikuta tofauti, fuata kanuni moja: rekebisha hati ya chini kwanza. Cheti cha kuzaliwa ndicho msingi, kitambulisho hufuata, pasipoti huja mwisho.

Kama tofauti ni ndogo, wakili au kamishna wa viapo anaweza kukuandikia hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Kama kosa limo kwenye cheti chenyewe, mwombe msajili alirekebishe. Kama unataka jina jipya kabisa, wakili atakuandalia hati rasmi ya kubadilisha jina, isajiliwe na itangazwe katika Gazeti Rasmi la Kenya, kisha ubadilishe kitambulisho.

Kwa wanawake walioolewa, hakuna sheria inayomlazimu mke kutumia jina la mume. Ukitaka kulitumia, lipeleke kwanza kwenye kitambulisho kwa cheti cha ndoa. Ukiachika na kutaka kurudia jina lako, anza hapohapo kwa hati ya mahakama. Profesa Wangari Maathai, binti wa Ihithe kule Tetu, alitakiwa na aliyekuwa mume wake aliache jina la mume baada ya talaka. Aliongeza herufi moja, akalifanya lake, na dunia ikamjua kwalo hadi Tuzo ya Nobel ya 2004. Jina ni lako kulichagua. Ukishalichagua, liwe hilohilo katika kila karatasi.

Mtoto wa chini ya miaka 18

Mtoto ana haki ya pasipoti yake mwenyewe, na haandikwi ndani ya pasipoti ya mzazi. Badala ya kitambulisho, yeye hutumia cheti cha kuzaliwa pamoja na vitambulisho vya wazazi na idhini yao. Naye hufika kituoni mwenyewe, akiongozana na mzazi au mlezi.

Kwa mama anayelea peke yake, angalia cheti kinasema nini. Kama hakina jina la baba, uraia wa mtoto unathibitishwa na kitambulisho cha mama. Kama kina jina la baba, tarajia kuulizwa idhini yake, au hati ya mahakama inayokupa malezi, au cheti chake cha kifo. Kumbuka pia kwamba Mei 2016 Mahakama Kuu, kupitia Jaji Mumbi Ngugi, iliamua kwamba kifungu kilichozuia jina la baba kuandikwa kwenye cheti cha mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa kinakiuka Katiba. Uamuzi huo ulitetea haki ya mtoto ya kuwajua wazazi wake wote wawili. Mlezi asiye mzazi, kama vile nyanya au shangazi, apate amri ya mahakama ya ulezi kabla ya kuanza maombi.

Hatua za kuomba

1. Jiulize kama unahitaji pasipoti kwa safari hii. Tangu 2014 Mkenya anaweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Kwa Tanzania, utahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na nje ya Afrika Mashariki utahitaji pasipoti.

2. Fungua akaunti yako ya eCitizen kwa nambari yako ya kitambulisho na nambari yako ya simu. Kama hujui kutumia kompyuta, mwombe kijana wa saiba au mhudumu wa Huduma Centre ya Nyeri akuongoze, lakini akaunti iwe kwa simu yako na neno la siri ulijue wewe peke yako.

3. Ingia sehemu ya Idara ya Huduma za Uhamiaji, chagua maombi ya pasipoti, ujaze fomu kwa kutazama karatasi zako. Usijaze kwa kumbukumbu.

4. Mpate mpendekezaji mapema. Awe raia mwenye kitambulisho, anayekufahamu binafsi, asiye wa familia yako: mwalimu, mhubiri, daktari, au mkuu wako wa kazi. Mweleze kwamba jina lake litatumika, kwa sababu anaweza kupigiwa simu.

5. Chagua idadi ya kurasa. Kwa viwango vilivyoanza kutumika 2024, pasipoti ya kawaida ya kurasa 34 ni Sh7,500, ya kurasa 50 ni Sh9,500, na ya kurasa 66 ni Sh12,500. Kwa mtu anayesafiri kwenda kazini au masomoni mara moja kwa mwaka, kurasa 34 zinamtosha. Ya mtu mzima hudumu miaka 10.

6. Lipa ndani ya eCitizen, kwa M-Pesa au kadi. Kiasi kinachoonekana pale ndicho deni lako kwa serikali. Hakuna ada nyingine ya mkononi.

7. Chagua kituo na siku ya miadi. Kwa miaka mingi watu wa Nyeri walitegemea Nyayo House jijini Nairobi au kituo cha Embu. Tazama orodha ya vituo inayotokea kwenye ukurasa, uchague kilicho karibu chenye nafasi.

8. Chapisha fomu na risiti za malipo, fomu itiwe sahihi zote zinazotakiwa, ufike siku yako mapema ukiwa na hati halisi. Hapo utapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Hatua hii haina mwakilishi: lazima ufike mwenyewe.

9. Subiri ujumbe, kisha nenda kuichukua mwenyewe kituoni ulikoombea. Kabla ya kuondoka dirishani, soma kila neno lililochapishwa kwenye ukurasa wa picha. Kosa huripotiwa palepale.

Anayebadilisha pasipoti ya zamani hufuata hatua hizihizi akiwa na ile ya kwanza mkononi. Pasipoti za zamani zisizo za kielektroniki ziliacha kutumika Novemba 2022, kwa hiyo kama bado unayo ya namna hiyo kabatini, omba mpya.

Omba kabla hujahitaji

Mwaka 2023 maombi yalirundikana kwa maelfu, na watu wakakosa masomo na kazi wakisubiri kitabu kichapishwe. Somo lake ni rahisi: mwanafunzi wa kidato cha nne akishapata kitambulisho, muuguzi akishamaliza mafunzo, mfanyabiashara akishaanza kuwaza soko la nje, huo ndio wakati wa kuomba. Usinunue tiketi ukitegemea pasipoti ambayo bado haijachapishwa.

Tahadhari pia na mabroka. Broka huuza haraka, lakini hana njia ya kukupa uraia usio nao wala kusahihisha cheti kilicho na kosa. Akikwambia atakutafutia cheti au mpendekezaji wa kughushi, anakuingiza katika kosa la jinai, na jina litakaloandikwa kwenye hati ya mashtaka ni lako.

Kwa dada na kaka wanaokwenda kufanya kazi Saudia, Qatar au Falme za Kiarabu: hakikisha wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, uombe pasipoti yako mwenyewe kwa akaunti yako mwenyewe, na uiachie familia nakala ya ukurasa wa picha pamoja na nambari yake. Wakala hana haki ya kuizuia pasipoti yako kama dhamana ya deni. Kitabu hicho ni mali ya Serikali ya Kenya kilichokabidhiwa kwako.

Ukikataliwa

Raia anaweza kukosa pasipoti kwa sababu zilizoandikwa katika sheria, kwa mfano mahakama inapoamuru aikabidhi wakati kesi yake inaendelea, au inapobainika kwamba ilipatikana kwa udanganyifu. Ukabila, chama cha siasa, kijiji ulikotoka au kutojua Kiingereza si sababu.

Ukikataliwa au ukicheleweshwa kupita kiasi, omba jibu la maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Haki katika Hatua za Kiutawala ya 2015 vinakupa haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi. Ukiwa na barua hiyo, unaweza kulalamika bila malipo kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman, au kwenda Mahakama Kuu. Hifadhi kila risiti, kila ujumbe wa simu na tarehe ya kila ziara. Malalamiko yenye tarehe husikilizwa.

Fanya haya wiki hii

Toa cheti chako cha kuzaliwa na kitambulisho, uvilinganishe herufi kwa herufi. Tafuta nakala za vitambulisho vya wazazi wako, au vyeti vyao vya kifo. Andika kwenye karatasi moja: mimi ni raia kwa njia hii, na ushahidi wangu ni huu. Palipo na pengo, nenda kwa msajili, kwa naibu wa chifu au kwa wakili kabla ya kulipa chochote. Na kama nyumbani kwenu kuna mtoto ambaye bado hajasajiliwa, anza na yeye, kwa sababu kazi ya siku chache unayomfanyia leo itamwepushia miezi ya kusumbuka atakapokuwa mtu mzima.